Mshike kiunoni, usimvute mkono: majibu kwa wanaouguza wenzi waliopata kiharusi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wake na waume wanaouguza wenzi wao nyumbani baada ya kiharusi. Tumechagua tisa. Wanaojibu ni wataalamu wa utengamao: wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), wa kumrudishia mgonjwa kazi zake za kila siku, na wa usemi na kumeza. Ikiwa daktari anayemtibu mwenzi wako amekupa agizo tofauti na la hapa, shika la daktari. Yeye amemwona mgonjwa, sisi tumesoma barua.

Bega linauma, kiuno changu kimekwisha

Mume wangu ana miaka 58, amepooza upande wa kulia, ametoka hospitali wiki sita zilizopita. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti ni kazi ya watu wawili: mimi namvuta mikono, kijana wetu anamsukuma mgongoni. Sasa bega la kulia linamuuma hata usiku. Je, limeteguka? Mama wa Tanga

Mama, kwanza acheni kumvuta mikono, kuanzia leo. Bega halina shimo refu la mfupa la kukalia kama nyonga. Linashikiliwa na misuli. Misuli ikilegea, uzito wote wa mkono unaning'inia kwenye kano, na kila mkimvuta mnazidi kuzinyoosha. Papasa taratibu chini ya ncha ya bega. Ukikuta pengo linaloingiza kidole, mfupa wa mkono umeshuka kutoka mahali pake. Hapo watu hukimbilia kwa mchuaji ili alirudishe. Hata akilirudisha litashuka tena, maana kinachokosekana ni misuli ya kulishikilia, na kuchua kwa nguvu kunaongeza jeraha.

Tiba ya kwanza ni kuubeba ule mkono. Akiwa ameketi, kigasha kilale juu ya mto mapajani au juu ya meza, kisining'inie pembeni ya kiti. Akilala chali, weka mto mwembamba chini ya bega na uendelee hadi vidoleni. Akilalia upande uliopooza, ambao ni mlalo mzuri tu, livute bega mbele kwa kushika bapa la bega kutoka nyuma, ili asiilalie ncha yake. Kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni ni cha wakati wa kusimama na kutembea tu. Akikivaa kutwa, kiwiko kitaganda kikiwa kimekunjika. Maumivu ya usiku msiyavumilie, mpelekeni kliniki. Yana matibabu, na bega linalouma huzuia mazoezi mengine yote.

Sasa kumhamisha. Kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, yaani kushoto kwake, kimeelekezwa kitandani kwa mshazari. Kama ni kitimwendo, funga breki na uondoe vikanyagio vya miguu. Akunje magoti, ageukie pembeni, miguu ishuke nje ya kitanda, ajisukume kwa mkono wenye nguvu huku wewe ukisaidia begani na nyongani. Akishaketi, subirini dakika moja au mbili. Presha hushuka mtu anapoinuka ghafla, na wengi huanguka hapo hapo.

Kisha asogeze makalio hadi ukingoni, nyayo zote mbili zikae sakafuni, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Mfunge mkanda mpana kiunoni, au kanga iliyokunjwa upana wa kiganja na kufungwa imara. Simama mbele yake, goti lako lizuie goti lake la kulia lisikunjike, mikono yako ishike mkanda. Yeye asikukumbatie shingo. Ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapo makalio yananyanyuka karibu yenyewe. Hesabuni pamoja moja, mbili, tatu. Akisimama, tulieni kidogo, kisha ageuke kwa hatua ndogo kuelekea kushoto, mkono wake wa kushoto utafute mkono wa kiti, ashuke taratibu.

Mkiona bado anakuwa mzito, angalieni miguu yake. Mara nyingi nyayo ziko mbele mno, au mgonjwa anaegemea nyuma kwa woga, na hapo hata vijana watatu hawatamwinua. Kosa la pili ni kitanda kifupi. Kiinueni kwa vitalu vya mbao vilivyochongwa shimo la kuingiza mguu wa kitanda. Matofali yaliyolazwa tu huteleza.

Mwendo huo huo ndio zoezi bora kuliko yote ya mwanzo: kuinuka na kuketi, mara 10, mizunguko mitatu kwa siku, kiti cha sentimita 45 hadi 50 kikiegemezwa ukutani. Mguu wenye nguvu utajaribu kubeba kazi yote. Usogezeni mbele kidogo ya ule dhaifu, na mguu dhaifu utalazimika kufanya kazi.

Choo cha nje, cha kuchuchumaa

Mke wangu alipata kiharusi cha upande wa kushoto miezi minne iliyopita. Sasa anatembea kwa fimbo. Choo chetu kiko uani, hatua 20 kutoka mlangoni, ni cha kuchuchumaa. Namsindikiza kila mara, na naona anaona haya. Anaweza kwenda peke yake? Mume wa Sengerema

Anaweza, kaka, na gharama yake ni siku moja ya fundi seremala na nusu siku ya fundi wa kuchomelea.

Seremala atengeneze kigoda cha mbao ngumu cha kukalia juu ya tundu. Kimo chake kipimwe kutoka nyuma ya goti la mkeo hadi sakafuni, magoti yakae pembe mraba. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 40 na 45. Tundu la kukalia liwe na upana wa sentimita 20 na urefu wa 25, kingo zilainishwe kwa msasa na kupakwa vanishi, la sivyo mbao itanyonya uchafu na harufu. Miguu ya kigoda itanuke kuelekea chini na ikanyage nje ya sehemu ya kukanyagia ya choo. Chini ya tundu pigilieni ndoo iliyokatwa kitako, ielekeze kila kitu shimoni. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu wengi hukitumia, na tumeona kinavyokwenda: miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, kisha hupasuka. Kama hamna njia nyingine, pachikeni viti viwili kimoja juu ya kingine kabla ya kukata.

Kishikio kiwe upande wake wenye nguvu, kulia kwake akiwa ameketi. Bomba la chuma la inchi 1 hujaa kiganja vizuri. Liwe na urefu wa sentimita 60, lilale sambamba na sakafu, sentimita 20 hadi 25 juu ya kikalio, liachane na ukuta kwa sentimita 4 hadi 5. Nafasi ikizidi hapo, mkono unaweza kutumbukia katikati mtu anapoteleza. Kwenye ukuta wa tofali dhaifu, boliti zipenye hadi upande wa pili zikashikwe na bamba la chuma. Saruji ikishakomaa kwa wiki moja, fundi mwenyewe alining'inie kwa uzito wake wote mbele yako. Akisita, kazi haijaisha.

Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani naye akaangukia nyuma yake, hutaweza kuingia. Ondoa komeo la ndani, weka pazia zito au kitasa kinachofunguka pande zote mbili. Maji ya kujisafishia yawe kwenye birika lenye mshiko, juu ya rafu upande wa kulia, si sakafuni. Avae nguo ya kiunoni yenye lastiki.

Njia ya hatua 20 ifagiliwe kokoto, kizingiti kisawazishwe au kiwekewe mteremko, taa iwake usiku. Fimbo ishikwe na mkono wa kulia, upande wenye nguvu. Wengi hudhani fimbo ni ya upande mbovu. Kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima na mkono umening'inia, na mpira wa chini ubadilishwe mara tu mistari yake inapofutika. Penye ngazi, kupanda hutangulia mguu wenye nguvu, kushuka hutangulia ule dhaifu.

Usiku, kigoda kingine chenye ndoo kikae chumbani. Mwendo wa uani saa nane za usiku hauna faida yoyote. Mzoeze kwenda haja kubwa baada ya chai ya asubuhi, kwa sababu tumbo huamka likishapokea chakula, na haja ndogo kila saa mbili au tatu mchana. Usimnyime maji ili apunguze safari. Mkojo mzito huleta maambukizi, na choo kigumu humfanya akamue hadi presha ipande. Apunguze kunywa saa mbili tu kabla ya kulala.

Kuoga ni kwa kuketi. Maji ya baridi yatangulie ndoo, ya moto yafuate, na yapimwe kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto unaweza kuungua bila yeye kujua. Hiyo ndiyo sababu tunawakataza watu kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto upande uliokufa ganzi. Maji ya vuguvugu hayana neno.

Anakula nusu ya sahani

Mke wangu anaacha chakula upande mmoja wa sahani na kulalamika kwamba nimempa kidogo. Anagonga milango kwa bega la kushoto. Anachana nywele upande mmoja. Macho yamepimwa, ni mazima. Anafanya makusudi? Baba wa Nakuru

La, mzee wetu. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo mara nyingi huufanya ubongo usahau kwamba kuna kushoto. Jicho linaona, lakini ubongo hauendi kuangalia. Ndiyo maana hata akiambiwa haamini. Kwake sahani imekwisha kweli.

Usimgeuzie sahani kila mlo. Ukifanya hivyo unamtumikia nusu aliyoisahau. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza, na mfundishe neno moja: "Tafuta nyekundu." Macho yaende kushoto mpaka yaukute utepe, kisha yarudi kulia. Fanya hivyo hivyo kwenye fremu ya mlango na kwenye ukurasa anaousoma, kwa kuchora mstari mwekundu pambizoni. Keti kushoto kwake mnapozungumza, lakini ukitaka akusikie kwa jambo la haraka simama mbele. Mguso wa mkono wa kushoto kabla ya kazi husaidia: aupapase mwenyewe kwa mkono wa kulia, autazame, ndipo aanze.

Kinachotupa wasiwasi ni barabara na jiko. Mtu wa hali hii asivuke barabara peke yake wala kupika bila mtu karibu, hata kama anatembea vizuri. Kuendesha gari, hapana.

Nikimwachia afanye mwenyewe, nasemwa

Mume wangu anaweza kuvaa shati kwa nusu saa. Mtaalamu wa fiziotherapia ametuambia tumwache ajitahidi. Lakini mama mkwe akiona anahangaika, ananiambia mbele ya watu kwamba nimechoka kumhudumia mwanawe. Nimeanza tena kumvalisha. Mke wa Morogoro

Dada, barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge kurasa hizi. Ubongo ulioumia hujipanga upya kwa kazi inayorudiwa. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kasi, hadi miezi sita bado mambo yanasogea vizuri, na baada ya hapo faida inaendelea kwa anayeendelea kufanya. Mkono usiopewa kazi, ubongo huusahau, na kuna wagonjwa ambao mkono wao una nguvu ya kushika kikombe lakini hawaunyanyui kamwe, kwa sababu kila kikombe kimeletwa mdomoni na mtu mwingine. Kwa hiyo ile nusu saa ya shati ni matibabu. Umeiona kama usumbufu kwa sababu inafanyika wakati watu wanasubiri chai. Ianzeni mapema zaidi.

Shati lina hatua zake. Likunjuliwe mapajani, ndani yake ikitazama juu, kola ikielekea magotini. Mkono uliopooza uingie kwanza, na mkono wa shati upandishwe mpaka begani kabla ya jambo lingine lolote. Wengi huishia kiwikoni, ndipo shati linaponasa mgongoni na hasira kuanza. Kisha lizungushwe nyuma ya shingo, mkono wenye nguvu uingie, vifungo vifungwe kuanzia chini kwenda juu. Kuvua ni kinyume: mkono wenye nguvu utoke kwanza.

Usimwachie yote kwa siku moja. Anza na hatua ya mwisho: wewe ufanye kila kitu, yeye afunge kifungo cha mwisho. Akiweza siku tatu mfululizo bila mkono wako, mwachie vifungo vyote, halafu mkono wenye nguvu, na kuendelea kurudi nyuma. Hivyo kila asubuhi yeye ndiye anayemaliza. Ukianza na hatua ya kwanza, atakuwa anaanza kila siku na kushindwa kila siku.

Anapokwama, hesabu kimoyomoyo hadi 20. Kisha sema neno moja: "Bega." Ikishindikana, onyesha kwa kidole. Ikishindikana, gusa mahali penyewe. Mkono wako juu ya mkono wake uje mwisho kabisa. Na muulize "Nikusaidie wapi?" badala ya "Nikusaidie?", maana swali la pili jibu lake siku zote ni kukuachia kazi. Akichoka kweli, mvalishe bila maneno. Uchovu wa baada ya kiharusi ni mzito kuliko unavyoonekana usoni. Kazi ngumu ziwe asubuhi, na baada ya chakula cha mchana apumzike.

Jiko la mkaa, maji yanayochemka na kisu havimo katika majaribio haya mpaka mtaalamu amwone.

Mpira wa kufinya ambao ndugu humletea, uwekeni pembeni. Mkono wa kiharusi unajua kufumba. Unachokosa ni kufumbua. Aweke viganja vyote viwili mezani juu ya taulo na kulisukuma mbele mara 20, aachie vizibo vya chupa ndani ya kikombe, afute meza kwa mkono ule ule dhaifu.

Kuhusu mama mkwe: mama anayemwona mwanawe akihangaika haombi maelezo, anaomba kazi ya kufanya. Siku ya kliniki nendeni naye, mtaalamu ampe maelekezo mwenyewe. Kisha mkabidhi zoezi moja liwe lake, kwa mfano kumhesabia mwanawe kuinuka na kuketi saa kumi jioni. Tumeona akina mama waliokuwa wakali wakawa walimu wakali zaidi wa zoezi hilo.

Ataanguka siku moja, mjiandae. Msimnyanyue papo hapo. Tazameni kichwa na nyonga, mwulizeni panapouma. Kama amegonga kichwa, au mguu mmoja umefupika na kupinda nje, asiinuliwe; tafuteni usafiri wa hospitali. Kama ni mzima, ageukie upande wenye nguvu, aegemee kiwiko, apige magoti, mlete kiti mbele yake, mkono wenye nguvu ushike kikalio, mguu wenye nguvu ukanyage mbele, ainuke. Nyinyi mshike kiunoni.

Akikataa kila kitu, halali, hali, au anasema angekufa tu, kwa wiki mbili, hiyo si uvivu. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, na inatibika. Kulia au kucheka ghafla bila sababu ni jambo jingine: ni breki ya hisia iliyoumia. Badilisheni mazungumzo, msimbembeleze wala kumkemea.

Na wewe, dada, rudi kwenye kikoba chako, kile kikundi cha kuweka akiba. Mtu mwingine akae naye kwa muda wa saa tatu kila wiki, siku inayojulikana.

Hawezi kusema, lakini kasida anaimba

Asalaam aleikum. Mume wangu ananielewa lakini maneno hayatoki. Akitaka chai anasema kiatu. Ajabu ni kwamba kasida anaimba zote, na kuhesabu moja hadi kumi anaweza. Na je, namba ya siri ya M-Pesa nimchukulie? Mke wa Mombasa

Waaleikum salaam, bibi. Maneno ya kutunga mtu mwenyewe hukaa kwa wengi upande wa kushoto wa ubongo, ulioumia. Nyimbo, hesabu na dua zilizokaririwa zina njia nyingine. Tumia njia hiyo. Chagua sentensi nne anazozihitaji kila siku, kama "Nataka chai." Iimbeni pamoja kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkipigapiga mkono wake wa kushoto mezani kwa kila silabi: na-ta-ka cha-i. Kisha punguza sauti yako aendelee peke yake, kisha wimbo ufifie uwe maneno. Dakika 15, mara mbili kwa siku, redio imezimwa.

Katika mazungumzo, jambo moja kwa wakati mmoja, na baada ya swali nyamaza kwa sekunde 10. Usipaze sauti, yeye si kiziwi. Akisema kiatu huku akitazama birika, jibu "Ee, chai," usimfanyishe mtihani. Usijifanye umeelewa kama hujaelewa. Na kabla ya kutegemea ndiyo na hapana zake, zipime kwa mambo unayoyajua: "Tuko Malindi?" Wengi hutikisa kichwa vibaya mwanzoni, na familia ikauza shamba kwa ndiyo isiyo ndiyo.

Namba ya siri iache iwe yake. Namba za kubonyeza nazo huchanganyika, kwa hiyo mwandikieni kadi ya hatua kwa michoro, aanze kwa kununua salio la shilingi 20 mbele yako, na laini hiyo iwe na pesa ndogo tu mpaka azoee. Akikosea mara moja, aache, arudie jioni. Pesa za nyumba ziwe kwingine kwa makubaliano mliyoyafanya naye akiwa anaelewa. Mjukuu asifanywe karani wa simu yake.

Uji unampalia

Kila akinywa uji mwepesi au maji mume wangu anakohoa. Chakula kigumu kinapita. Mke wa Iringa

Kimiminika chepesi hukimbia kabla koo halijajifunga, kikaingia njia ya hewa. Aketi wima kabisa, kidevu kisielekee juu, uji uwe mzito wa kuanguka kijikoni kwa tonge, anywe kwa kijiko na si kwa kumiminiwa, ameze mara mbili kabla ya kijiko kingine. Tazama shavu la upande uliopooza, chakula hujificha humo. Piga mswaki kila baada ya mlo. Abaki ameketi dakika 30. Sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, au homa inakuja na kuondoka, mpeleke hospitali haraka: hiyo ni dalili ya mapafu kuingiliwa. Na kuna wagonjwa wanaopaliwa bila kukohoa, kwa hiyo apimwe kumeza hata kikohozi kikiisha.

Presha imeshuka, ameacha dawa, na anataka kufunga

Mke wa Unguja

Presha ilishuka kwa sababu alikuwa anakunywa dawa. Asipozirudia itapanda, na kiharusi cha pili hukuta ubongo ambao hauna tena akiba. Madaktari wengi hulenga chini ya 130/80. Mpime kwenye mkono usiopooza, ameketi dakika tano, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mara mbili kwa kupishana dakika moja, na muandike. Chumvi yote ya siku, pamoja na ya mchuzi na mkate, isizidi kijiko kimoja cha chai. Aspirini ya jirani asiiguse. Kiharusi cha kuvuja damu na cha damu kuganda havitibiwi sawa.

Kufunga, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na sala anaweza kusali ameketi. Kama moyo wake umeshika, aende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Dawa za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku. Anayechoma insulini asijaribu bila daktari.

Uso ukianguka upande mmoja, mkono ukishuka, au kauli ikivurugika ghafla, msisubiri asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, panapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na saa hizo huliwa na foleni na barabara.

Tendo la ndoa

Tunaogopa litarudisha kiharusi. Wanandoa wa Dodoma

Presha ikiwa imetulia, na mgonjwa akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema sana, hatari ni ndogo. Chagueni wakati ambao hajachoka. Asubuhi huwafaa wengi. Upande uliopooza uegemezwe kwa mito, mgonjwa awe chini au mlale ubavu kwa ubavu. Nguvu zikipungua, baadhi ya dawa za presha zinaweza kuwa chanzo: mwambieni daktari abadilishe, msiache wenyewe. Vidonge vya kuongeza nguvu vya mtaani ni hatari, hasa kwa anayetumia dawa za moyo. Na mguse hata siku ambazo hamkusudii jambo hilo. Mtu anayeshikwa tu anapooshwa na kuvalishwa husahau kwamba yeye ni mume au mke.

Fundi cherehani wa mkono mmoja

Mume wangu ni fundi. Mkono na mguu wa kulia ni dhaifu, akili nzima. Anataka kurudi kwenye cherehani yake ya miguu. Mke wa Moshi

Kama hapati kifafa, arudi. Shida ya kwanza ni gurudumu la kuanzishia, liko kulia. Fungeni mota ndogo ya cherehani, kikanyagio chake kiwe chini ya mguu wa kushoto, na afanye mazoezi bila uzi kwanza mpaka mwendo uwe wa polepole na sawa. Mkono wa kushoto uongoze kitambaa. Wa kulia ukandamize kitambaa mbali na sindano, nao upate kazi. Kama vidole vyake vimekufa ganzi, mezani pakae chuma cha nusu kilo kilichofungwa kitambaa badala ya mkono. Mkasi wa kawaida ukishikwa kushoto, bapa zake huachana na kutafuna nguo. Tafuteni mkasi wa kushoto. Uzi upitishwe kwa kile kiwaya chembamba cha sindano.

Hapo Moshi, hospitali ya KCMC ina wataalamu wa fiziotherapia na wa viungo saidizi. Kama mguu wa kulia unaburuta vidole, atengenezewe kishikizo cha kifundo, maana kwenda na kurudi kibandani ndiko kutakakomchosha kuliko kushona. Aanze na kupinda kanga, mshono mmoja ulionyooka, dakika 20 kisha apumzike. Suruali na vifungo baadaye sana. Mteja wa kwanza awe jirani asiye na haraka ya sikukuu.